Nani Agongaye Usiku?

Hakuna mji wala kijiji kisicho na nyumba yake ya kuogopwa. Hapa ni nyumba ya marehemu fulani, pale ni mti wa njia panda, kwingine ni ng'ambo ya mto, ambako watu husema wamesikia ngoma isiyo na mpigaji. Habari ikishatoka, watu huja. Wengine huja kwa sababu wameamini. Wengine huja kwa sababu hawakuamini, nao wataka kucheka. Vijana hukesha barabarani, wazee hutikisa vichwa, na asubuhi sokoni kila mtu ana lake la kusimulia.

Basi swali letu ni hili: Mkristo afanye nini akiambiwa kwamba nyumba ya jirani yake ina mizimu? Aamini upesi? Acheke na kwenda zake? Sisi twasema: achunguze. Wala asichunguze kwa udadisi tu, kama mtu anayekimbilia kutazama ajali. Achunguze kwa sababu ni deni la haki. Neno hili huenda likawashangaza wengine, maana wengi hudhani kwamba kuchunguza mizimu ni kazi ya wataalamu au mchezo wa vijana. Tusikilizane polepole.

Swali la kwanza na swali la pili

Tupeleke mawazo yetu Koni, mashariki ya Likasi. Hapo mto Lufira unashuka kwa nguvu kati ya milima. Juu zaidi, kule Mwadingusha, kampuni ya Union Minière ilizuia maji ya mto, likapatikana ziwa la Tshangalele, na mitambo ya umeme ikaanza kazi mwaka 1930. Chini yake, hapo Koni, mitambo mingine ikaanza mwaka 1950, zamani zile Likasi ilipokuwa bado ikiitwa Jadotville. Jina hilo liliachwa mwaka 1966. Kila aliyelala karibu na maporomoko na mashine ajua kwamba usiku wa mahali kama hapo haunyamazi. Maji yanaunguruma, mashine zinavuma, upepo unapita bondeni. Mgeni hulala macho wazi.

Sasa tuseme, nao ni mfano tu, hatumtaji mtu wala nyumba, tuseme kwamba katika lupango moja mlango unagongwa usiku wa manane, na mwenye nyumba akifungua haoni mtu. Siku ya tatu mtoto analia kwamba amekaliwa kifuani. Siku ya saba nusu ya kambi imesimama nje ya ua.

Angalieni jinsi mambo yanavyokwenda. Mwanzoni watu huuliza: Ni nini? Hilo ni swali jema. Lakini swali hilo halikai siku nyingi. Upesi linageuka kuwa: Ni nani? Jibu la kwanza huwa ni marehemu fulani. Lakini marehemu hapigwi, hafukuzwi, wala halipi faini. Kwa hiyo watu huendelea kuuliza: Ni nani aliyemtuma? Hapo macho yanawageukia walio hai. Yanamwangalia mjane asiye na watoto. Yanamwangalia nkambo aliyeishi kupita wenzake wote. Yanamwangalia mtoto yatima anayelelewa na mama wa kambo, yule asemaye peke yake na kukojoa kitandani. Mara nyingi kidole humwangukia mtu asiye na wa kumtetea.

Ndiyo maana twasema kwamba habari ya mizimu si habari ya mizimu tu. Ni kesi. Mwanzoni kesi hiyo haina mshitakiwa, lakini atapatikana. Na mahali penye kesi, uchunguzi si udadisi. Ni haki ya mshitakiwa.

Yaliyotokea Unguja

Labda mtu atasema tunakuza mambo. Tumjibu kwa habari iliyotokea kweli, tena kati ya watu wasemao lugha hii hii tunayoandika.

Mwezi wa Februari mwaka 1995, wakati Waislamu walipokuwa katika mfungo wa Ramadhani, habari ilianza katika kisiwa cha Pemba, ikavuka hata Unguja. Watu walisema kuna pepo aingiaye nyumbani usiku, awagandamizaye watu kitandani na kuwatendea ya aibu. Walimwita Popobawa, kwa kuwa walisema ana bawa kama la popo. Hofu ilikuwa kubwa hata jamaa nzima zikahama vyumba vyao, zikalala nje pamoja na majirani kando ya moto. Ulikuwa pia mwaka wa uchaguzi wa kwanza wa vyama vingi tangu mapinduzi ya 1964, na mioyo ya watu ilikuwa na wasiwasi tayari. Walioamini walisimulia. Wasioamini walifanya mzaha. Waandishi wa magazeti walipata la kuandika.

Kisha, mjini Unguja, umati ulimwona mtu mgeni ambaye mwenendo wake haukuwa wa kawaida. Wakapiga kelele kwamba ndiye. Wakamwua. Baadaye ikajulikana kwamba alikuwa mgonjwa wa akili, naye alitoka bara kuja kutafuta matibabu.

Popobawa mwenyewe, mpaka leo, hakuna aliyeweza kumshika na kumwonyesha wenzake. Maiti ya yule mgonjwa ilionekana na wote. Tukumbuke jambo hilo kila tunaposikia mtu akisema kwamba hadithi za usiku hazimdhuru mtu.

Waganga wa hospitali wanajua jambo linaloweza kueleza sehemu ya habari ile. Pengine akili ya mtu huamka kabla ya mwili wake. Macho yanaona chumba, lakini mikono haiendi. Kifua ni kizito, sauti haitoki, na moyo unaona hakika kwamba kuna mtu amesimama kando ya kitanda. Hali hiyo hupita baada ya dakika chache. Watu wa pwani tangu zamani wana neno jinamizi kwa mambo ya namna hiyo. Aliyepatwa nalo si mwongo wala si mwenda wazimu. Lakini laiti mtu mmoja angalisimama katika umati ule na kueleza hayo kabla jiwe la kwanza halijaokotwa!

Wala tusinyoshe kidole kuelekea kisiwani tu. Huku kwetu Kongo twajua watoto waliofukuzwa nyumbani kwa neno moja, ulozi. Jambo hilo limekuwa zito hata Katiba ya mwaka 2006, katika kifungu cha 41, ikataja kwa jina kosa la kumshitaki mtoto kwa ulozi, ikalikataza pamoja na makosa mengine ya kuwatesa watoto. Sheria ya tarehe 10 Januari 2009 ya kulinda watoto ikaja kuongeza nguvu. Taifa haliandiki katazo la namna hiyo katika Katiba yake bila sababu. Limeandika kwa sababu watoto walikuwa wakilala sokoni na chini ya madaraja, wengine kwa kuwa usiku mmoja mlango uligongwa na asubuhi mtu akataka jibu.

Lisemwalo lipo?

Wazee hutuambia: Lisemwalo lipo, na kama halipo laja. Wengi huitumia methali hii kufunga mazungumzo. Watu wote wanasema nyumba ile ina mizimu. Basi ina mizimu. Sisi twaiheshimu methali, lakini tuisome vizuri. Inasema kwamba kuna kitu. Haisemi kwamba kitu hicho ni kile kile watu wanachokitaja.

Wazee wa miji ya migodi ya Katanga wanaweza kutufundisha hapa. Wakati wa utawala wa Wabelgiji watu waliogopa batumbula. Walisema ni watu watembeao usiku, wanaokamata wenzao na kuwapeleka kwa wazungu ili waliwe. Nairobi yalisemwa maneno ya namna hiyo juu ya wazimamoto, na pwani juu ya mumiani, kwamba wanachukua damu za watu. Luise White, mwanahistoria wa Marekani, aliyakusanya masimulizi kama hayo kutoka nchi mbalimbali katika kitabu alichokitoa mwaka 2000. Hakuyacheka. Aliuliza watu walikuwa wakisema nini kwa maneno hayo.

Nasi twaweza kuuliza vivyo hivyo. Mtu aliyetolewa kijijini kwao akapelekwa mgodini, akafanya kazi kwa ajili ya faida ya wengine, akaona wenzake wakiondoka wasirudi, je, alikosea kabisa aliposema kwamba kuna wanaokula watu? Lile lililosemwa halikuwako. Lakini jambo fulani lilikuwako, nalo lilistahili kusikilizwa. Kwa hiyo mwenye kuchunguza habari ya mizimu ana kazi mbili. Ya kwanza ni kuuliza kama jambo lile ni kweli. Ya pili ni kuuliza kuna maumivu gani nyuma yake. Huenda katika nyumba ile kuna kifo ambacho hakikuzungumzwa, au urithi uliogawanywa kwa dhuluma, au mtoto anayepigwa. Mlango wa mbao ukinyamaza, jambo hilo bado litabisha.

Kanisa haliamini upesi

Hapa mtu mwingine atatuuliza: Ninyi Wakatoliki hamwamini roho? Hamwamini shetani? Mbona mwasema kama watu wasio na dini?

Twaamini. Twaamini kwamba roho ya mtu haifi, kwamba shetani yupo, na kwamba Mungu akitaka aweza kuruhusu mambo yaliyo nje ya kawaida. Lakini kuamini kwamba jambo laweza kutokea si sawa na kuamini kwamba limetokea jana usiku katika lupango la jirani. Aaminiye kwamba wezi wako duniani hapati kwa sababu hiyo ruhusa ya kumfunga mpita njia.

Na Kanisa lenyewe limejifunza kwenda polepole. Kitabu cha ibada kilichotolewa chini ya Papa Paulo wa Tano mwaka 1614, kinapoeleza kazi ya kufukuza pepo, kinaanza kwa kumwonya padre asiamini upesi kwamba mtu ana pepo, bali apambanue kwanza kama si ugonjwa. Kitabu kipya cha mwaka 1999 kinashika onyo hilo hilo. Na kwa sheria ya Kanisa ya mwaka 1983, hakuna awezaye kumfukuza pepo kwa ibada hiyo kuu pasipo ruhusa ya wazi ya Askofu wake. Ajabu, sivyo? Kanisa lina silaha, nalo limeiweka kabatini na kumpa Askofu ufunguo. Limefanya hivyo kwa sababu lajua madhara yanayotokea silaha hiyo inapotumiwa juu ya mtu mgonjwa.

Tazameni pia jambo la Kibeho, jirani zetu wa Rwanda. Tarehe 28 Novemba 1981 msichana wa shule alisema amemwona Mama wa Mungu. Wengine wakafuata, na watu kwa maelfu wakakusanyika; wengine kusali, wengine kushangaa, wengine kudhihaki. Askofu wa Butare hakusema ndiyo, wala hakusema hapana. Mwaka 1982 aliunda tume mbili, moja ya waganga na moja ya wataalamu wa teolojia. Hukumu ya mwisho ilitolewa na Askofu wa Gikongoro tarehe 29 Juni 2001. Kati ya wengi waliosema wameona, aliwakubali watatu tu. Hesabuni wenyewe: karibu miaka 20. Ikiwa kwa habari njema juu ya Mama wa Yezu Kanisa lilingoja karibu miaka 20, sisi tunapata wapi haki ya kumhukumu nkambo wa watu kwa usiku mmoja?

Majivu ya Danieli

Twendeni sasa kwenye kazi yenyewe. Uchunguzi hufanywaje? Wengine wafikiri wahitaji mashine za Ulaya. Maandiko Matakatifu yana mchunguzi mzuri, naye ni nabii Danieli.

Huko Babeli makuhani walisema kwamba sanamu ya Beli inakula chakula kila usiku, na kweli asubuhi meza ilikuwa tupu. Danieli hakubishana. Usiku alinyunyiza majivu sakafuni, mlango ukafungwa na kutiwa muhuri wa mfalme. Asubuhi chakula hakipo. Lakini juu ya majivu kulikuwa na nyayo za wanaume, za wanawake na za watoto. Makuhani walikuwa na mlango wa siri. Na katika habari ya Susana, wazee wawili walipomsingizia mwanamke asiye na kosa, Danieli aliwatenga na kumwuliza kila mmoja peke yake ni chini ya mti gani. Mmoja akataja mti huu, mwingine akataja mti ule. Susana akaokoka.

Hapo twapata kanuni zinazotosha kijiji chochote.

Kwanza, mashahidi waulizwe mmoja mmoja, kabla hawajasikilizana. Watu kumi waliokaa pamoja usiku kucha wakisimuliana si mashahidi kumi; mara nyingi ni shahidi mmoja mwenye vinywa kumi.

Pili, kitafutwe kilicho karibu kabla ya kilicho mbali. Mabati yaliyochomwa na jua mchana hupoa usiku na kujikunja, nayo hulia kama mtu anayegonga. Panya hukimbia darini. Popo hukaa chini ya paa. Embe huanguka. Mbao za mlango huvimba na kunywea.

Tatu, aulizwe anayefaidika. Kuna mtu atakaye kuinunua nyumba ile kwa bei ndogo? Kuna ndugu atakaye mjane aondoke? Nyayo juu ya majivu mara nyingi huwa na vidole vitano.

Nne, na hii ni kubwa kuliko zote: wakati wa uchunguzi asitajwe mtu. Jina likishatoka kinywani halirudi, hata uchunguzi ukimwonyesha kuwa hana hatia.

Tuongeze habari moja, kwa maana inaweza kuokoa roho za watu. Mwaka 1921 daktari wa macho wa Marekani, William Wilmer, alitoa katika jarida la waganga habari ya jamaa moja iliyohamia nyumba ya zamani. Walisikia nyayo na kengele usiku, waliona watu wasiokuwako, walijisikia wakigandamizwa kitandani. Watoto walipauka, na maua ya ndani yakafa. Mwishowe ikagunduliwa kwamba tanuri la kupashia nyumba joto lilikuwa bovu, na hewa yake ya sumu ilikuwa ikiingia vyumbani. Hawakuwa waongo. Walikuwa wanakufa polepole.

Na sisi? Katika miezi ya baridi, Juni na Julai, ni wangapi katika Likasi na Koni wanaoingiza mbabula chumbani, wakafunga mlango na dirisha, wakalala? Makala yakiwaka mahali palipofungwa hutoa hewa isiyoonekana wala kunuka, iitwayo kaboni monoksidi. Hewa hiyo huleta maumivu ya kichwa, kizunguzungu, udhaifu na kuchanganyikiwa, na mwisho huua mtu akiwa usingizini. Basi mtoto anapolia kwamba kuna kitu kinachomlemea usiku, kuna njia mbili. Njia moja inakwenda kwa mganga wa mizimu, naye ataomba kuku na jina la mtu. Njia nyingine inaitoa mbabula nje na kufungua dirisha. Aliyechagua njia ya kwanza huenda akazika mtoto na kumpiga nkambo kwa kosa la makala.

Anayecheka

Mpaka hapa anayecheka amefurahi. Amesema tangu mwanzo kwamba ni upuuzi. Lakini nasi tuna neno naye.

Ndugu, ulikwenda kutazama? Uliuliza kama katika chumba kile kuna mbabula? Ulikaa na yule mama ambaye hajalala siku saba? Hukufanya hata moja. Ulicheka njiani, ukaenda kulala kwako. Na yule mama, alipoona kwamba watu wenye elimu wanamcheka, alikwenda kwa yule asiyemcheka, yaani mganga. Kicheko chako kilimwonyesha njia. Aaminiye upesi na achekaye upesi wanafanana kwa jambo moja: wote wawili wamekwisha toa hukumu bila kuingia ndani ya nyumba.

Bwana wetu hakufanya hivyo. Siku ile ya ufufuko, alipowatokea wanafunzi wake, wao walishtuka wakadhani wanaona mzimu. Yezu hakuwacheka. Hakuwaambia kwamba watu wazima hawaogopi. Aliwaonyesha mikono na miguu yake, akawaambia wamguse, kwa maana mzimu hauna nyama wala mifupa. Na walipokuwa bado wanashangaa, aliomba chakula, akala kipande cha samaki mbele yao. Mfufuka mwenyewe alikubali kuchunguzwa! Alijua kwamba hofu haiondolewi kwa dhihaka, bali kwa mtu anayekubali kukaa karibu na kuonyesha.

Mjane na nyayo za mumewe

Limebaki jambo moja gumu, nasi hatutaki kulipita. Kuna mjane asiyeogopa chochote. Yeye husikia usiku nyayo za marehemu mumewe barazani, naye hufarijika. Je, tumwendee na majivu na maswali yetu? Tumnyang'anye faraja yake kwa jina la ukweli?

Mtakatifu Augustino, askofu wa Hippo, Mwafrika wa kaskazini, aliliwaza jambo hili karibu miaka 1600 iliyopita, alipomjibu rafiki yake Paulino wa Nola juu ya kuwatunza wafu. Alisimulia kwamba mwalimu mmoja wa Kartago, jina lake Eulogio, aliyekuwa mwanafunzi wake, alishindwa kuelewa maneno fulani ya kitabu, na usiku akamwota Augustino akimfafanulia. Augustino wakati huo alikuwa ng'ambo ya bahari, Italia, wala hakujua lolote. Basi akawaza: ikiwa mtu aliye hai aweza kuonekana na mwingine bila yeye kujua, mbona tuseme upesi kwamba marehemu aliyeonekana amekuja mwenyewe? Hakukana kwamba Mungu aweza kuwatuma watakatifu wake. Lakini alimtaja mama yake Monika, aliyemfuata nchi kavu na baharini kwa mapendo. Kama roho zingekuja kwa hiari yao, alisema, mama huyo asingekosa kuja kwake hata usiku mmoja.

Fikirini uchungu ulio katika neno hilo. Mtoto alimpenda mama yake, angalitaka kumwona, naye alisema kweli kwamba hakuja. Hata hivyo aliendelea kumwombea. Hakuhitaji nyayo barazani ili aamini kwamba mama yu hai kwa Mungu.

Kwa hiyo mjane huyo tusimsumbue. Hamshitaki mtu yeyote, na hapo hakuna kesi. Tumtembelee, tusali naye, Misa isomwe kwa ajili ya mumewe. Lakini siku jirani watakaposema kwamba nyayo zile ni za mzimu uliotumwa, na kuanza kuuliza ni nani aliyeutuma, hapo tuamke wote, maana kesi imefunguliwa.

Neno moja la kiasi

Na je, tukiisha kuuliza, kunyunyiza majivu, kutoa mbabula na kufukuza panya, mlango bado ukagongwa? Hapo tuseme neno dogo ambalo watu wengi huona haya kulisema: Hatujui. Neno hilo halimkosei Mungu. Lina faida kubwa, kwa kuwa halina jina la mtu ndani yake. Padre aitwe, nyumba ibarikiwe, wafu waombewe; baraka haimshitaki mtu. Pengine hatutajua kamwe. Ni afadhali nyumba yenye fumbo kuliko kijiji chenye damu.

Basi, msomaji mpenzi, siku utakaposikia kwamba watu wamejaa nje ya ua wa fulani, nenda nawe. Pita katikati ya wanaosimulia na wanaocheka, uingie ndani. Sikiliza. Fungua dirisha. Na kama kuna mtoto au mzee ambaye watu wameanza kumtazama vibaya, mkalishe kando yako, ili wote waone kwamba ana mtu wa kumtetea.